Swichi ya Nyumba ya Hariri

Kazi inayohitaji mikono ya wengi humshinda anayeishika peke yake, hata awe hodari vipi. Hayo yalimfika Muattar, fundi mpya wa mitandao katika nyumba moja ya hariri mjini Marg'ilon.

Kompyuta za wachoraji wa nakshi zilikuwa ghorofani, na mashine za kuchapa vitambaa zilikuwa uani, kila upande na mtandao wake. Muattar alitakiwa kuiunganisha mitandao hiyo, ili hariri ya harusi ichapwe kabla ya jioni. Akishindwa, kibarua chake kingeota nyasi.

Botir, msimamizi wa mashine, alimletea sahani ya sambusa.

"Kula, mdogo wangu. Fundi aliyekutangulia alikimbia na njaa yake! Nikusaidie?"

"Asante, kaka Botir. Nitaweza mwenyewe."

"Haya, shujaa! Ila mashine zangu usiziguse."

Muattar alijifunga kibwebwe. Aliiamuru swichi, kifaa kinachounganisha nyaya za kompyuta, ipitishe ujumbe kati ya mitandao yote miwili, akaupa kila mtandao anwani ya lango lake, yaani mlango wa kupitishia ujumbe uendao nje ya mtandao, kisha akazielekeza kompyuta za ghorofani kwenye lango lao. Akatuma ujumbe wa majaribio uani. Kimya kama maji mtungini. Akarudia, kimya.

Adhuhuri alikwenda kurudisha sahani. Sahani ya watu hairudi tupu, basi akaijaza zabibu kavu. Katikati ya ua akasita. Huenda ujumbe wake ulifika. Je, jibu lilikuwa na njia ya kurudi?

"Kaka, nani alizionyesha mashine zako lango la kutokea?"

"Zitoke ziende wapi? Zimeolewa hapa hapa!"

Muattar akacheka hadi zabibu zikamwagika. "Kosa langu, sikukuuliza mapema. Mimi sizigusi. Nitakusomea anwani ya lango, wewe uiandike kwenye mashine."

Botir akaandika taratibu, kama mtu atiaye uzi sindanoni. Muattar akapanda ngazi mbio, akatuma tena. Kufumba na kufumbua, jibu likaja! Punde mashine zikavuma, wachoraji wakapiga vigelegele madirishani.

"Shuka, mdogo wangu! Hariri inabubujika!"

Muattar akashuka. Wakaipokea hariri pamoja, yeye ncha hii, Botir ncha ile, ikimetameta juani. Hakika, kidole kimoja hakivunji chawa.