Nyota ya Sitlali na Uzi Wake

Niwape, nisiwape?
Tupe, tumeshakaa.
Mnataka ya kuchekesha?
Tupe uliyo nayo.
Basi ninayo ya kuliza.

Hapo kale, katika nchi ya Wanahua, ng'ambo ya bahari, alikuwako mama mchoraji, jina lake Papan. Wageni walikuwa wameiteka nchi, wakataka kila mtu, hai na mfu, aandikwe katika kitabu chao. Papan alichora kichwa cha mtu, na juu yake picha ya jina lake: aitwaye Tai, tai, aitwaye Ua, ua. Kisha alivuta uzi mwembamba wa wino kutoka picha hadi kichwa. Pasipo uzi, jina halina mwenyewe.

Ikaingia ndui. Ikachukua wasichana watatu siku moja, na mmoja wao ni Sitlali, maana yake Nyota, binti wa Papan.

Karani wa wageni akasema, "Andika Maria, Maria, Maria. Ndivyo walivyobatizwa."

"Bwana karani, na mbwa wa mtoni atawajuaje?"

Kwao, maiti huvushwa mto na mbwa wa manjano, naye habebi asiyemjua jina.

"Mbwa!" Karani akacheka. "Haya, chora picha moja. Ya mwanao tu. Meli inangoja."

Papan akakubali moja. Akachora vichwa vitatu vilivyofumba macho, akachora nyota. Akivuta uzi, machozi yakamjaa, asione mkono uendako. Karani akafunga kitabu, wino haujakauka.

Siku ya tatu, asubuhi, mbwa akaja mlangoni, maji yakimchuruzika.

"Papan, nimemvusha mwenye uzi wa Nyota."

"Alikuwa na kovu kidevuni?"

"Hakuwa nalo."

"Alichechemea kidogo?"

"Hakuchechemea."

"Aliniulizia?"

"Alimwulizia mama yake. Si wewe. Wamebaki wawili ukingoni. Mmoja ana kovu."

Papan akakimbia pwani. Meli imekwenda, na kitabu kimo ndani.

Tangu hapo huchora mchangani kando ya mto: nyota, uzi, kichwa. Maji hufuta. Huchora tena, na siku hizi huchora vichwa viwili, vya wale waliobaki ukingoni, kila kimoja na jina lake. Maji hufuta.

Ngano nimeifunga, aliyeipenda aende nayo, aliyeichukia aniachie. Mtu aitwe jina lake. Na ukipewa nafasi ya mmoja, idai na ya wenzake palepale.

Karani je, aliitwa nani? Mnaniuliza mimi? Hakuna aliyemchora.