Kibuyu cha Ezra

"Medali hurudi, maziwa hayarudi." Mmeyasikia maneno haya leo asubuhi, redio ilipomtaja mwanariadha mwingine aliyefungiwa kwa sababu ya dawa, na mama mwenye duka akayasema huku akiizima. Mmeniuliza yametoka wapi. Yametoka hapa hapa Kaptebei, katika nyumba ya mwanamke aliyeitwa Kobilo, na yalianza hivi.

Kobilo alipenda mbio kupita kiasi. Yeye mwenyewe hakuwahi kushindana, ila redio ilipotangaza mbio alijifunga leso kiunoni na kukanyagakanyaga sakafu mpaka mkimbiaji wake afike kwenye utepe. Mkimbiaji wake alikuwa Kiptalam, kijana wa jirani, ambaye alimjua tangu akichunga ndama. Picha zake alizikata kwenye magazeti akazibandika ukutani jikoni.

Shida ni kwamba Kobilo alikuwa na mwana wake mwenyewe, Ezra, naye pia alikuwa mkimbiaji, tena si haba. Lakini kila alipotoka mazoezini, mama alimpokea kwa jina la mwingine. Kiptalam haongezi ugali. Kiptalam halalamikii mvua. Kiptalam ameshapanda mlima mara ya pili, wewe bado unafunga kamba za viatu. Ezra alikula chakula chake.

Mwaka mmoja vijana hao wawili walichaguliwa kwenda kukimbia mashindano ya bara. Kobilo akafanya kama tufanyavyo kwetu. Alikisugua kibuyu kwa mkaa ndani, akamimina maziwa ya ng'ombe wake, akayalaza mpaka yakaganda yakawa mursik, ili mwanawe arudipo ayanywe mbele ya watu. Maziwa hayo hayagawiwi ovyo. Mama akimnywesha mtu mursik mbele ya kijiji, ni kama amesema: huyu ametuletea heshima, na mimi ni shahidi wake.

Kiptalam alimaliza wa tatu. Ezra alimaliza wa nne, hatua chache nyuma yake. Wa tatu huvishwa shaba. Wa nne huambiwa pole.

Siku ya mapokezi soko lilifurika. Kiptalam alishuka garini na medali shingoni. Ezra alimfuata akiwa amebeba mabegi mawili, lake na la mwenzake. Kobilo alikuwa mbele ya wote, kibuyu mkononi. Alimtazama mwanawe kidogo. Kisha vigelegele vikampanda kichwani, na kibuyu cha Ezra kikaishia mdomoni mwa Kiptalam. "Mcheza kwao hutuzwa," alisema Kobilo, na watu wakashangilia. Ezra aliyatua mabegi chini taratibu.

Walipofika nyumbani, Ezra alisema, "Mama, yule hakukimbia kwa miguu yake tu. Kambini tuliletewa sindano za kuongeza damu. Mimi nilikataa."

"Wivu ni kidonda," Kobilo akajibu. "Umeshindwa, kubali umeshindwa. Usimpake mwenzako matope."

Wiki hiyo hiyo Ezra alikwenda kuendesha trekta kwenye mashamba ya ngano, na viatu vyake vya mbio akaviacha uvunguni mwa kitanda.

Miaka ikapita. Vipimo vya zamani vikarudiwa, na jina la Kiptalam likatajwa. Kobilo aligombana na kijiji kizima. Alisema wazungu wamechoka kutazama migongo ya vijana wetu, ndiyo maana wanawazulia mambo. Aliendelea hivyo mpaka siku aliposikia sauti ya Kiptalam mwenyewe redioni: ni kweli, nilitumia.

Hapo alikaa chini. Alikumbuka leso zote alizojifunga na sauti yote aliyoikausha, akaona kwamba alikuwa akiishangilia chupa ya dawa. Aliona haya. Kisha haya ikageuka hasira, akachukua fimbo yake akaenda hadi lango la Kiptalam.

"Siku ile sokoni, ulipokuwa ukinywa, ulijua?" akamuuliza.

Kiptalam alitazama chini. "Nilijua, mama."

"Na kibuyu ulijua ni cha nani?"

"Nilijua. Ezra alikuwa amebeba begi langu."

"Medali wamekuja kuichukua?"

"Waliichukua jana."

"Basi na mimi nimekuja kuchukua maziwa yangu."

Kijana akaanza yale ambayo wote huyaanza: kwamba daktari wa kambi alimshawishi, kwamba si yeye peke yake, kwamba anaomba radhi. Kobilo hakungoja amalize. Radhi haijazi kibuyu.

Medali ya shaba ikapewa Ezra. Aliitwa ofisi ya chifu akakabidhiwa kwenye bahasha ya kaki, bila bendera wala wimbo, kisha akarudi kazini. Kobilo aliposikia hivyo alisugua kibuyu kile kile, akalaza maziwa mengine, akasafiri nayo hadi kwenye mashamba ya ngano.

Alimkuta Ezra chini ya trekta, ameota kitambi na mikono imejaa grisi. Alitaka kupiga kigelegele kama mama wa mshindi, lakini hapakuwa na watu ila vibarua wawili waliokuwa wakila ugali, basi akamnyooshea kibuyu.

"Kunywa, mwanangu," alisema. "Ni chako. Hata siku ile kilikuwa chako."

Ezra alinawa, akakipokea kwa mikono miwili. "Asante, mama." Akawamiminia wale vibarua, akajimiminia na yeye, wakateremshia ugali. Kobilo akatazama mursik yake ikinywewa kama chakula cha mchana.

"Si wamekuletea medali?" akauliza. "Si imerudi kwako?"

"Medali hurudi, mama," alisema Ezra, bila hasira, akijifuta mdomo. "Maziwa hayarudi."

Akamrudishia kibuyu, akapanda trekta, kwa maana shamba lilikuwa linamngoja.

Ni Kobilo mwenyewe aliyekuja kuyasimulia hayo hapa, bila kujionea huruma. Zile picha alizibandua jikoni, lakini ukutani palibaki madoa meupe mahali moshi haukufika, na kila akipika aliyatazama.

Najua mtasema ni yale yale ya maji yakimwagika hayazoleki. Sivyo. Maji huweza kumwagika kwa bahati mbaya. Maziwa haya yalinywewa na mtu aliyejua, kutoka mkononi mwa mtu aliyeambiwa akakataa kusikia. Wakubwa wa michezo wanaweza kumvua huyu na kumvisha yule, wakafuta jina na kuandika jingine. Siku ile ya sokoni hakuna awezaye kumpa Ezra. Medali hurudi, maziwa hayarudi.