Ratili Kumi na Mbili za Sabuni

Inasimuliwa kwamba katika mji mmoja wa Shamu aliishi mjane mchamungu, Bibi Lubaba binti Yasari, Mungu amrehemu, mwenye kibanda cha sabuni lakini asiye na mtaji. Mpishi wa sabuni, Sheikh Mundhiri, alimkopesha ratili mia kwa dirhamu mia, bei ile ile ya mwenye fedha mkononi. Wakaandikiana mbele ya mashahidi kwamba atalipa Shaabani ikiandama. Bibi alijua fika kwamba akiikosa siku hiyo, hakuna mwingine sokoni atakayemkopesha, na kibanda kitafungwa.

Sabuni ilinunuliwa vizuri, alhamdulillahi. Lakini alipouza kipande cha mwisho, akakuta ameuza ratili themanini na nane tu. Akaikagua mizani yake, ikawa sawa. Jirani yake akamshauri amshike mchota maji aliyekuwa akilala barazani pake, maana nani mwingine?

Bibi Lubaba akasema, "Sikumwona akichukua. Nikimtaja kwa dhana, nitasimama vipi mbele ya Mola wangu?"

Faida yake ndogo ilikwisha kwa chakula, basi ili kutimiza deni akauza sufuria yake ya shaba kwa dirhamu kumi na mbili, akawa anapikia chungu kilichomeguka mdomo. Mchota maji akaendelea kupewa uji wake kila asubuhi, wala hakujua lolote.

Shaabani ilipokaribia, Sheikh Mundhiri aliteremsha rafuni kipande cha sabuni iliyopikwa pamoja na ile ya mjane, akakiona chepesi mkononi. Alipokipima, akakuta kimepungua sehemu kumi na mbili katika mia. Alikuwa amempimia mjane sabuni mbichi, na maji yaliyokauka ameyatoza bei ya sabuni. Ndugu yake, mshirika wake katika biashara, akamkumbusha kwamba mkataba umeandikwa na hakuna anayejua.

"Mimi ninajua," akasema Sheikh, "na Mwenyezi Mungu alijua kabla yangu."

Akajitwika ratili kumi na mbili za sabuni kavu, na uzee wake ule, akashika njia. Akamkuta Bibi Lubaba mlangoni pake na mfuko wa dirhamu mia, akitoka kwenda kumlipa. Salamu hazijaisha, kila mmoja akawa anamwomba mwenzake radhi, Bibi akidhani amefuatwa deni. Bibi alipoelezwa, alicheka hadi akashika ukuta. Akamwita jirani kwamba mwizi amepatikana. Jirani akatoka mbio na fimbo, akaonyeshwa jua.

Tangu hapo waliandikiana kwamba sabuni ikauke kwanza ndipo ipimwe, na muda wa deni uhesabiwe kuanzia siku ya kupimwa. Sufuria ilinunuliwa tena kabla ya Ramadhani. Na asubuhi iliyofuata kisa cha fimbo, aliyempelekea mchota maji uji alikuwa yule jirani, ameinamisha macho.

Ndugu zangu, mkataba ule ulikuwa na mashahidi, na bado ulikosea. Uliowasahihishia ni woga wa kila mmoja kula haki ya mwenzake. Mola atujaalie masoko yenye watu hao, na aanzie kwetu sisi.