Kadhi Aliyemwinukia Amiri

Wamesimulia waliotutangulia, Allah awarehemu, kwamba katika nchi za Magharibi ya Afrika, ukingoni mwa jangwa, alikuwako kadhi mkuu akiitwa Sheikh Mahamane Tirera. Aliupata ukadhi angali kijana, akazeekea juu ya mkeka wa hukumu. Desturi ya mji ule ilikuwa kila anayefika mbele ya amiri ajimwagie vumbi kichwani. Sheikh aliikataza mahakamani kwake.

Akaja mjane, Bi Kadidia, kumshtaki Amiri Sumaila mwenyewe. Amiri alikuwa amekinyakua kisima alichochimba marehemu mumewe, farasi wa amiri wakanywa humo na mbuzi wengi wa mjane wakafa kiu. Dhulma ya mchana kweupe, ndugu zangu, na wazee wa mji waliijua wakaufyata. Mjane alimletea Sheikh kibuyu cha maziwa ya mwisho aliyokamua, naye akakirudisha, maana kadhi hali cha mdai.

Siku ya kesi amiri alipoingia, Sheikh akainuka kumpokea, kwa mazoea tu. Bi Kadidia akachota vumbi mlangoni, akajimwagia.

"Mama, hapa hatufanyi hivyo," Sheikh akamwambia.

"Nilipoingia mimi hukuinuka, Sheikh. Nimeshajua hapa amiri ni nani."

Sheikh akastaghafiru, machozi yakamlenga. Akamwamuru amiri akae mkekani, sawa na mjane.

"Mimi ndiye niliyekupa cheo hicho," amiri akafoka.

"Na Allah ndiye aliyeniona nilipoinuka. Kaa, kisha ulete mashahidi wako."

Hakuwa na hata mmoja. Kisima kikarudi kwa mwenyewe.

Amiri akamtaka Sheikh ajimwagie vumbi hadharani na kuomba radhi, la sivyo avuliwe ukadhi. Sheikh akajibu, "Vumbi nitafukiwa nalo kaburini. Silitangulizi kichwani kwa ajili ya kiumbe."

Akavuliwa. Na wale wazee waliokula sahani moja naye miaka yote? Hakutokea hata wa kumsindikiza. Watu hawana haya!

Langoni mwa mji alisimama Bi Kadidia peke yake, na kibuyu kilekile. Mbuzi waliosalia walikuwa wamerudi kutoa maziwa.

"Lete, mama," Sheikh akasema. "Sasa mimi si kadhi tena." Akanywa, akamhimidi Mola wake, akashika njia.

Yeye aliinuka mara moja akalia. Sisi tunawainukia wakubwa kila siku, na bado tunalala usingizi. Tumwombe Allah atusamehe, kisha kesho akiingia fukara, tuinuke.