Kwa Nini Watu wa Kwemlimba Hutua Mzigo Wakisalimiana

Nyinyi mnaonung'unika kwamba salamu zetu zinawachelewesha sokoni, tulieni kwanza. Hapo kale watu wa Kwemlimba walisalimiana wakitembea. Mtu aliuliza habari mzigo ukiwa kichwani, akajibiwa salama, na kabla neno halijaisha walikuwa wameshapeana migongo.

Namsifu, mke wa mhunzi aliyekuwa safarini, alilichoka neno hilo. Mwanawe mchanga, Namkunda, alikuwa hanyonyi, mwili unamchemka. Mama mkwe alisema ni meno tu, na Namsifu, mgeni katika ukoo, aliona haya kubisha. Asubuhi tatu alikwenda mtoni, akaulizwa habari na watu saba wanane, na wote akawajibu salama. Mdomo ulijibu wenyewe. Alirudi na maji yake akijiona mwongo, akijiuliza salama hiyo ilikuwa ya nani.

Siku ya nne alipishana na Bibi Nakiete, mganga wa watoto, aliyekuwa akienda mbio na mkungu wa ndizi kichwani.

"Habari za asubuhi, mama Namkunda?"

"Salama," alijibu Namsifu, kisha akajikaza. "Hapana, bibi. Si salama. Mtoto ananifia."

Alipogeuka, bibi alikuwa ameshakata kona.

Namsifu alishikwa na hasira ambayo hakuwahi kuijua. Alitua mtungi wake katikati ya njia nyembamba, asipite mtu. Mzee Kiondo akatokea na mzigo wa kuni.

"Mwanangu, habari za..."

"Nikikwambia, baba, utasimama?"

Mzee alibabaika. Tangu azaliwe hakuwa ameulizwa hivyo. Akazitua kuni chini, akasikiliza mpaka mwisho.

"Rudi kwa mtoto," alisema, akatimua mbio kumfuata Nakiete, na magoti yake mabovu yale.

Mganga alikuja na dawa zake, na jua lilipoinama Namkunda alinyonya. Namsifu alilia kwa furaha. Nakiete naye alikuwa kizingitini akilia, lakini si kwa furaha.

"Nimekuuliza habari asubuhi zote hizi," alisema, "na hata siku moja sikusimama nisikie."

Na tangu siku hiyo, watu wa Kwemlimba hutua mizigo kwanza, ndipo wakaulizana habari. Jibu la kwanza bado ni salama, maana midomo yetu ni ileile. Lakini aliyeuliza hajitwiki tena mzigo wake upesi. Husubiri jibu la pili.