Nyayo za Malkia Kwenye Udongo Mbichi

Hapo zamani za kale, ndovu walipokuwa bado hawajajifunza kutazama chini, paliishi mfalme mmoja wa wanyama, Ndovu Ngurumo. Tulieni. Hadithi hii haina harusi wala pilau.

Ngurumo alikuwa na siwa, baragumu kubwa la pembe ya babu yake. Akiamka na hasira, huipuliza: puuuuu! Ndovu wote hutoka mbio nyuma yake, pu! pu! pu!, na nyumba za wanyama wadogo hubaki vumbi. Asubuhi moja walipita juu ya nyumba ya Pimbi, yule mnyama mdogo wa kwenye mawe. Watoto wake watatu walikuwa ndani wanakunywa uji.

"Kwani palikuwa na watu pale?" Ngurumo akauliza. Basi. Hakuuliza tena.

Siku hiyo wanyama wote wakamchoka. Wakamvusha mto, wakawaweka mamba walinde, wasimruhusu arudi mpaka wasikie siwa. Kiti akapewa binti yake, Tamima, na mumewe Mshindo, aliyekuja na jeshi lake kutoka nyuma ya milima.

Tamima hakulia baba yake alipoingia majini. Moyoni alikuwa na lake: "Nikishakaa kitini nitapuliza siwa mara moja tu, baba arudi alale kwake." Hakumwambia mtu, hata mumewe.

Siku ya kutawazwa, Pimbi akaja akikokota bonge pana la udongo mbichi.

"Shikamooni wakubwa wangu."

"Marahaba. Sema upesi," akasema Mshindo.

"Nauliza tu. Siwa atapuliza nani?"

"Mimi!" wakajibu wote wawili.

"Wewe?" akasema Tamima. "Mimi ndiye mtoto wa mfalme."

"Na mimi ndiye mwenye jeshi! Sikuvuka milima nije kuwa mume wa malkia, nikushike mkia kama mtoto anayekwenda kisimani."

"Na mimi sikuacha baba yangu atolewe ili nikae jikoni!"

"Jamani, jamani! Mnagombea nini?" akasema Pimbi. "Tawaleni wote wawili. Siwa tuikate. Mdomo wake achukue Bi, tumbo lake achukue Bwana. Mkikubaliana mnaunganisha, mnapuliza."

"Tutaunganisha na nini?"

"Kijiti tu, Bwana. Kadogo hivi. Nyinyi kitawapotea, acha baraza letu sisi wadogo liwatunzie."

Kijiti! Wale ndovu wakacheka mpaka majani yakapukutika mtini.

"Yameandikwa humu kwenye udongo," Pimbi akaendelea. "Na mengine pia yamo. Inameni msome kwanza, kabla hamjatia nyayo."

"Ndovu ainame?" Mshindo akafoka. "Mbele ya pimbi?"

Tamima akatupia jicho chini. Kutoka kule juu, maandishi yalikuwa kama njia ya siafu. Akamfikiria baba yake, akataka yaishe. Pu! Akakanyaga. Na Mshindo naye, pu! Pimbi akauanika udongo juani, na kufika jioni ulikuwa jiwe.

Basi wakatawala. Mvua mbili zikapita bila nyumba hata moja kukanyagwa. Mshindo alitaka vita na nyati. Baraza likakataa kutoa kijiti. Akabaki kutafuna magome na kununa.

Ndipo Korongo akaja akihema. "Bi, baba yako amelala ubavu. Majani hali tena."

Ndovu akilala ubavu, mnajua. Tamima akamwendea mumewe.

"Nipe kipande chako."

Mshindo akamtazama usoni, na kwa mara ya kwanza hakubisha. "Chukua, mke wangu."

Tamima akaenda barazani. "Nipeni kijiti. Avuke aje afie kwake."

"Ulisoma, Bi?" akauliza Pimbi.

Tamima akautupia jicho ule udongo.

"Basi soma sasa."

Tamima akapiga magoti. Pembeni mwa unyayo wake mwenyewe, mpana kama ungo, paliandikwa: *Aliyefukuzwa havuki tena, ila baraza zima likubali.*

"Ulinidanganya."

"Nilikuambia usome."

"Ni mzee, Pimbi. Ni baba yangu."

"Najua." Pimbi akageuka kando. "Baraza liseme."

Nungunungu akasema ndiyo. Digidigi, ndiyo. Kobe akachelewa, kama kawaida yake, lakini naye akasema ndiyo. Pimbi mwenyewe, kwa sauti ya chini, ndiyo. Akabaki mkewe.

Bi Pimbi alimtazama malkia machoni.

"Wanangu walikuwa na uji mdomoni," akasema. "Hapana."

Mshindo akainua mguu. "Tuwakanyage, tumalize!"

Angeweza. Baraza zima lingeenea chini ya mguu mmoja. Hakuna aliyekimbia. Tamima, bado amepiga magoti, akauona mguu wa Bi Pimbi karibu na uso wake: mdogo, kama punje ya kunde. Hakuwahi kuuona mguu wa pimbi.

"Shusha mguu," akasema.

"Lakini baba yako—"

"Nimesema shusha. Tuliweka nyayo."

Akaenda kusimama mtoni. Upande wa pili mgongo wa baba yake ulionekana kama kichuguu, na sikio likipepea, pole, pole. Ndovu humgusa maiti wao kwa mkonga. Hivyo ndivyo wanavyozika. Tamima akaunyoosha mkonga wake juu ya maji mpaka shingo ikauma. Haukufika. Siku ya tatu lile sikio halikupepea tena.

Pimbi akaja ukingoni. "Pole, Bi."

"Na nyinyi pole," akasema Tamima. "Kwa wale watatu. Hatukuwapa pole siku ile."

Akarudi nyumbani taratibu, akitazama kila mahali kabla ya kuweka mguu, kwa maana njia nzima ilikuwa na vijumba. Ndiyo maana hata leo ndovu akipita humsikii.

Imekwisha, atakayelia alie kimyakimya, na ashike hili: sheria inayomfunga mbabe itakufunga na wewe siku ya uchungu wako, kwa hiyo inama uisome kabla hujaitia unyayo.