Mbegu Kiganjani

Mwanamke mmoja alikuwa na macho makali, na jina lake Kalunde. Alipoolewa, mama mkwe wake, Bi Nshoma, alimkabidhi ungo, maana katika mji ule asiyejua kuchambua mtama hakabidhiwi jiko. Na palikuwa na desturi: kila taka aliyoiona, mkamwana aliishika kwenye kiganja cha kushoto hadi mwisho wa kazi, kisha akamfunulia mama mkwe mkono. Changarawe saba zilimpatia neno zuri. Kumi zilimpatia mengi. Ndugu zangu, sifa ni tamu, na Kalunde alizipenda. Mimi simlaumu sana.

Miaka ikapita, na mwaka mmoja gugu lenye sumu liliota mashambani, na mbegu zake nyeusi zikachanganyika na mtama wakati wa kupura. Kalunde alilijua hilo. Tena alikuwa na binti wa miaka minne, Milembe, ambaye ndiyo kwanza ainuke kutoka kwenye homa, na tumbo lake halikupokea kitu isipokuwa uji.

Asubuhi moja Kalunde aliketi na ungo. Hata hajakaa vizuri, akaiona mbegu nyeusi. Akaikamata, akafumba kiganja, moyo ukamjaa furaha. Akaendelea kuchambua kwa mkono mmoja. Lakini kila kitambo alifungua kiganja aone kama mbegu bado ipo, akawaza atakavyomwambia mama mkwe, kwa maneno gani na mbele ya nani. Macho yalikuwa kwenye ungo, yeye hakuwapo. Alipomaliza alisifiwa kweli. Akachota sehemu ya ule mtama, akasaga, akapika, akamnywesha mtoto.

Adhuhuri Milembe alikuwa amekauka kinywa, mboni za macho zimetanuka, anazungumza na ukuta. Siku mbili hakumtambua mama yake. Kalunde alimpakata usiku na mchana, na hofu aliyoionja hakupata kumsimulia mtu. Siku ya tatu mtoto akaomba maji, akaita, "Mama." Kalunde akalia mpaka akaishiwa nguvu.

Ndipo Bi Nshoma alipoumwaga kwenye ungo mtama uliobaki. Akaziona mbegu nyeusi nne, kubwa kama ile ya kwanza, wala hazikuwa zimejificha. Hakumgombeza. Aliushika mkono wa kushoto wa mkamwana wake, akavikunjua vidole vyake, akasema:

"Mwanangu, kosa ni langu pia. Nilikufundisha kushika, na mkono ulioshika hautafuti."

Tangu hapo Kalunde aliweka pembeni kopo lenye mdomo mwembamba. Alichokiona alikitumbukiza humo papo hapo, akaurudia ungo kama mtu ambaye hajaona kitu. Majirani walipomuuliza leo amepata ngapi, alijibu kwamba hajui, na baadhi yao wakamwona mvivu. Lakini watu wa nyumbani kwake walikunywa uji wao bila wasiwasi.

Basi wewe uliyelikamata kosa lako moja miaka ile, ukalitubia, na hadi leo bado unatufunulia kiganja tulione: je, uji wa nyumbani kwako tuunywe?